Jamaa Kasepa, Kaacha Samaki: Kisa cha Dada wa Sinza na Pleko Wake

Mapenzi yakivunjika mjini, vita huwa ni ya vitu. Friji la nani, TV ya nani, godoro la sita kwa sita linaenda wapi. Dada mmoja wa Sinza, msusi mwenye wateja wake wa kudumu, aliachana na mshikaji wake mwaka jana bila hata kelele. Jamaa alikuja Jumamosi asubuhi na kirikuu, akapakia TV, akapakia sabufa, akapakia hadi pasi ambayo hakuinunua yeye. Kilichobaki ni tangi la samaki. Tangi lilikuwa la dada toka zamani, hilo halina ubishi, ila mle ndani kulikuwa na samaki mmoja ambaye jamaa ndiye alimleta. Huyo hata kuangaliwa hakuangaliwa.

Na hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

Wakati huo dada alikuwa na samaki wanne wa dhahabu kwenye kioo cha futi mbili, sebuleni karibu na dirisha. Mmoja wao, mweupe mwenye kofia nyekundu kichwani, alikuwa naye tangu yuko chuo. Alihama naye vyumba vitatu, kila mara kwenye ndoo ya rangi miguuni pake ndani ya bajaji. Shida ya tangi la dirishani kila mfugaji anaijua: jua likipiga, kioo kinaota ukoga wa kijani, ukiufuta leo wiki ijayo umerudi. Ndipo jamaa, enzi hizo penzi bado la moto, akaja na mfuko wa nailoni wenye maji. Ndani kuna kisamaki cheusi cha madoadoa, kirefu kama kidole, kimejibandika kwenye nailoni kwa mdomo. Bei yake haikufika sahani ya chipsi kuku.

"Bebi, huyu ni msafishaji. Kioo hutaosha tena."

Muuzaji alishamhakikishia jamaa kwamba samaki huyo hana gharama. Anakula uchafu humo humo. Shika hiyo sentensi, itarudi kudai chake.

Jina lake la dukani ni pleko. Ni wa ukoo wa kambare, kwao ni mito ya Amerika ya Kusini, na mwili wake badala ya magamba ya kawaida una vibamba vya mfupa vilivyopandana kama bati la paa. Mdomo uko chini, umekaa kama kikombe cha kunyonyea, una vijino vidogo vidogo vya kukwangulia. Pezi la mgongoni akilisimamisha utadhani tanga la dau. Hata jicho lake lina mambo: mwanga ukiwa mkali, kipande cha mboni kinashuka na kuziba sehemu ya kitundu cha katikati, na akiligeuza hilo jicho utaapa kwamba amekukonyeza. Wateja waliokuja kusukwa walikuwa wanampiga video kwa ajili ya hilo tu. (Dunia nayo ina vituko. Kuna watu Ulaya wanatoa hela ndefu kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika waliotoka Kigoma, huku mtu wa Sinza akihangaika na wa Amazon.)

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Kioo kinang'aa, mawe yanang'aa, kisamaki kinazunguka na mdomo wake kama fundi wa kupiga plasta. Ila kilikuwa kinakua. Kikafika urefu wa kalamu, kikafika urefu wa sahani.

Kuna uongo mmoja unaozunguka sana kwa watu wa samaki: eti samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Siyo hivyo. Tangi dogo halimwambii samaki asimame kwa adabu. Linachafuka, na uchafu ndio unaomdumaza na kumfupishia maisha. Pleko wa kawaida anafika sentimita 30 bila shida, na wapo wanaopita 40. Akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kioo cha futi mbili kinabeba kama lita 60 hivi. Mnyama huyu akiwa mtu mzima anataka lita 400 kwenda juu. Kwa hiyo aliyeuziwa kidole kwenye mfuko wa nailoni ameuziwa urefu wa mkono bila kuambiwa.

Halafu kuna suala la choo, ambalo wauzaji hawaligusi. Pleko anakula kutwa na anajisaidia kutwa, nyuzi ndefu za kahawia zinaning'inia hadi kwenye chujio. Ule uchafu ukioza unatoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Msafishaji alikuwa anachafua maji kuliko wale wanne wote kwa pamoja. Dada akajikuta anabeba ndoo mara mbili kwa wiki, maji ya bomba anayaacha yakae kwanza klorini itoke, wakati aliambiwa hataosha tena.

Na kila alivyozidi kukua, ukoga haukumtosha. Hapa ndipo ile sentensi ya muuzaji inaporudi. Dada hakuwa anamlisha. Angemlishaje, na ameambiwa anakula humo humo? Chakula cha vidonge alikuwa anamwaga juu, wale wa dhahabu wanakimaliza kabla hakijazama, na mzee wa chini anabaki na kioo ambacho ameshakilamba hadi hakina kitu. Kila mtaa una nyumba iliyomchukua binti wa kazi kwa maneno hayo hayo: hana gharama, atakula humo humo. Na kila mtaa unajua siku binti akikutwa anamega nyama sufuriani nani anaitwa mwizi.

Miezi miwili baada ya kirikuu kuondoka, wale samaki wa dhahabu wakaanza kuamka na vidonda. Ubavuni, alama nyekundu, magamba yametoka. Dada akajua ugonjwa. Akanunua dawa, maji yakawa ya bluu, vidonda vikazidi. Akanunua nyingine.

Jibu lilikuja usiku umeme ulipokatika. Saa nane, joto la Dar lile, pampu ya hewa imenyamaza. Dada akaamka kwenda kukoroga maji kwa kikombe ili samaki wapate pumzi, akawasha tochi ya simu. Watatu wako juu wanatweta, midomo nje. Wa nne, yule mweupe, yuko chini kalala upande, na pleko amembandikia mdomo ubavuni. Anakwangua taratibu, vile vile kama anavyokwangua kioo.

Mwili wa samaki umefunikwa na ute, ndio kinga yake ya kwanza, na ute huo una lishe ndani yake. Samaki wa dhahabu ni mpana, mzito, mpole, usiku anatulia tuli. Kwa pleko mwenye njaa hiyo ni meza imeandaliwa. Siyo kila pleko anafanya hivi, ila akishaonja hasahau, na ngozi ikishachubuka wadudu wa magonjwa wanaingia.

Tochi ilipomfikia akaachia. Akapaa hadi juu ya maji, akameza funda la hewa, akashuka kwenye chungu chake. Hilo nalo ni la kushangaza: maji yakikosa oksijeni, pleko anameza hewa na kuivuta oksijeni yake kwa kutumia tumbo. Yaani umeme ukikatika usiku mzima, wenzake wote wanaweza kufa na yeye asubuhi ukamkuta anasubiri kifungua kinywa.

Yule mweupe alikufa siku ya nne.

Dada alilia. Akaweka picha kwenye stetasi, na watu wakamcheka. "Best, umelilia samaki? Nunua mwingine." Mmoja akauliza kama walimkaanga. Wanaocheka hawajawahi kuhama na kiumbe ndani ya ndoo. Miaka sita huyo samaki alikuwa anamwona mlango ukifunguliwa anakuja mbele ya kioo. Jamaa hakukaa hata nusu ya hiyo.

Pleko naye hakutulia. Alishajimilikisha chungu na nusu ya tangi, akipitiwa karibu anapiga mkia hadi mawe yanaruka. Waliobaki walikuwa wamejibana kona moja, juu kabisa. Dada akamwandikia eksi: "Njoo uchukue samaki wako, anaua wengine." Tiki za bluu. Siku ya tatu ndiyo jibu likaja, maneno mawili: "Mtupe tu."

Akampigia muuzaji. Wakubwa hawapokelewi, hakuna anayenunua.

Kwenye grupu la wasusi ushauri ulikuwa mwingi kama kawaida. Mpike, si samaki? (Huko kwao Amazon kweli wanamla, wanambanika na lile gamba lake kama sufuria. Ila samaki aliyeoga dawa za tangi miezi yote hiyo siyo wa kuweka mezani.) Mwingine akamwambia kuhusu mafuta ya karafuu, kwamba wafugaji huyatumia kumlaza samaki usingizi asioamka. Hiyo ni njia ya kweli, wala siyo ukatili ikifanywa vizuri. Dada alinunua kichupa Kariakoo, akakiweka juu ya kabati. Kikakaa. Kila akipita anakiona.

Lakini ushauri uliopata makopakopa mengi ulikuwa ule wa huruma: mpeleke Msimbazi, mwachie, ni kiumbe cha Mungu na yeye. Karibu afanye. Ndoo ilishatolewa uani.

Kilichomzuia ni simu ya shangazi yake, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye huwa anapiga Jumapili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo, kuna usalama?"

Akasimulia yote. Shangazi alicheka kwanza, hasa ile sehemu ya tiki za bluu. Halafu aliposikia habari ya mto akanyamaza.

"Mtoni? Hapana. Hilo usifanye, mwanangu. Sisi tumekua kwa furu. Unamtuma mtoto ziwani anarudi na furu wa kila rangi, wengine hata jina hawana. Nenda leo kawatafute. Na waliomleta sangara hawakuwa wachawi. Walidhani wanasaidia."

Shangazi hakusoma chuo cha uvuvi, ila hakukosea. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na miaka ya 1980 akalipuka. Aina za furu zilizopotea au kubaki chache mno zinahesabiwa kwa mamia, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Ni kweli sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza na ajira zake, wapo waliojenga kwa sangara. Lakini hakuna mtu anayeweza kubadili mawazo akamtoa.

Sasa pleko siyo mwindaji kama sangara. Uharibifu wake ni wa kimya. Dume linachimba shimo kwenye ukingo wa mto, jike linataga humo mayai kwa mamia, dume linalinda. Zidisha mashimo hayo kwa maelfu, ukingo unakuwa kama sponji na kuporomoka. Florida, Marekani, yameshatokea, na hadi wale nguva wa kule wanasumbuliwa, mapleko yanawapanda mgongoni kukwangua ukoga. Ufilipino walimbatiza jina la samaki wa usafi, na leo Mto Marikina na ziwa la Laguna de Bay vimejaa. Mexico, kwenye bwawa la Infiernillo lililokuwa linalisha wavuvi wengi kwa perege, nyavu zikaanza kutoka zimejaa pleko na zimechanika kwa miiba yake. Hata Afrika ameshafika: Mto Nseleni, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wengi wanaaminika kutoka matangini, kwa mtu mmoja mmoja na ndoo yake.

Msimbazi sasa. Mto unaotoka milima ya Pugu, unapita Jangwani, unaingia baharini pale Selander. Maji machafu yenye oksijeni kidogo, ambayo samaki wengine wanayakimbia. Pleko anameza hewa tu na maisha yanaendelea. Ulaya mtu akimtupa mtoni, baridi inamaliza kazi. Dar hakuna baridi ya kumuua. Na kingo za Msimbazi kila masika zinavyoliwa na mafuriko watu wanaona wenyewe, nyumba zinaondoka. Mto ule haudai msaada wa kuchimbwa.

Ndoo ikarudishwa uani.

Usiku ule dada alifanya kitu ambacho tangu samaki yule aingie nyumbani hakuna aliyewahi kukifanya. Alikata kipande cha tango, akakifunga na kijiko kizame, akakishusha. Asubuhi kilibaki kijiko na duara jembamba la ganda. Kesho yake mchicha uliochovywa maji ya moto. Kisha akapata vidonge vinavyozama, akawa anaviweka taa zikishazimwa. Vidonda kwa wale waliobaki vikapungua, ingawa havikuisha kabisa.

Njaa ilikuwa na dawa, nafasi haina. Kwa hiyo akanunua simtanki ya mtumba ya lita 1,000, iliyopasuka juu, fundi akaikata ile sehemu mbovu. Hela ilikuwa ya kusuka vichwa vya wiki mbili, pamoja na bibi harusi mmoja. Kazi ikabaki kwa mama mwenye nyumba.

"Mwanangu, mbu wakizaliana humo, mimi na wewe."

"Naweka chandarua juu mama, na maji yatakuwa yanazunguka."

"Na bili ya maji?"

"Ya kwangu."

Mama akakubali kwa masharti: tangi likae chini ya mwembe, siyo njiani.

Kumhamisha ilikuwa sinema. Wasiojua huwa wanamvua pleko kwa wavu. Anafungua miiba ya mapezi, inang'ang'ania nyuzi, na mwisho unaukata wavu wenyewe. Dada aliukata. Mara ya pili akamsukumia kwenye beseni kwa mfuniko wa ndoo, akapigwa mkia mkononi, akabaki na mchubuko wiki nzima. Walipompima kwa tepu ya fundi cherehani akawa na sentimita 36.

Sasa hivi anaishi uani. Amewekewa bomba la kipenyo kipana la kulala, na magogo ya kukwangua. Watoto wa mtaa wanajua saa ya tango. Ukoga wa simtanki unaota vizuri kwa jua la asubuhi, na ule anausafisha kweli, siyo utani. Wale watatu wa dhahabu waliosalia wamepona, magamba yamerudi, mmoja amebaki na kovu. Kioo cha sebuleni dada anakifuta mwenyewe kwa kadi ya zamani ya benki, dakika tano kila Jumapili. Kichupa cha karafuu anapaka akiumwa na jino.

Video ya kupima urefu aliweka stetasi, na safari hii hakuna aliyecheka. Hata eksi aliibuka: "Kumbe kijana wangu kakua hivi! Nitapita nimwone." Dada akamjibu kwa orodha ya matumizi ya mwezi: matango, vidonge, umeme wa pampu, maji. Tiki za bluu. Wapo watakaotaka kumfananisha samaki na jamaa, na kwenye maoni hapo chini lazima watokee. Ila samaki hakuahidi kitu. Aliyesema hana gharama alikuwa muuzaji.

Mkataba wa nyumba unaisha mwezi wa tatu, mama mwenye nyumba mwanawe anarudi na anataka vile vyumba. Dada ameanza kuzunguka na madalali. Chumba, sebule na jiko vinapatikana. Kinachosumbua ni uwanja wa simtanki na mwenye nyumba asiyeogopa. Dalali wa Mwananyamala alimuuliza ana watu wangapi.

"Niko mwenyewe," akamwambia, "na samaki wa futi moja na kitu."

Dalali akamwomba arudie.